Mazungumzo ya mtaa kwenye sinia yakikwama: dalili, vyanzo na tiba

Hapa Unguja nimekuwa nikiandaa, na kuwasaidia wenzangu kuandaa, vyakula vya usiku vya aina moja: wanaalikwa wakazi 10 au 12 wa mtaa pamoja na mjuzi mmoja, watu wanakula, na mazungumzo yanakuwa juu ya mtaa wenyewe, ulivyokuwa na unavyobadilika. Mjuzi anaweza kuwa mhandisi wa majengo ya mawe, mpima ardhi, fundi wa chokaa, mwalimu wa historia au mtu anayefuatilia bahari inavyokula pwani. Ikienda vizuri, watu wanaondoka saa tano usiku wakiwa bado wanabishana uchochoroni. Ikienda vibaya wanakula haraka, wanaaga kwa adabu, na hawaji tena.

Wenyeji wanaonipigia simu baada ya usiku uliokwenda vibaya hunieleza mambo yale yale. Nimeyapanga kwa dalili. Katika kila dalili naanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi, na ukaguzi usiogharimu kitu unatangulia. Palipoandikwa SIMAMISHA, usijaribu kutengeneza mwenyewe.

Mjuzi anahutubia, wageni wanakula kimya

Hili ndilo linaloongoza, na karibu mara zote kosa si la mjuzi. Fungua simu usome ujumbe uliompelekea. Ukikuta umeandika "kutoa mada" au "kuwasilisha", chanzo umekipata: ulimwomba hotuba, amekuletea hotuba. Amekesha kuitayarisha, na sasa unamkunjia uso kwa sababu anaisoma. Andika upya hivi: "Tunakualika ule nasi. Wakazi watasema kwanza, kama nusu saa, kisha watakuuliza. Njoo na kitu kimoja cha kushika mkononi. Slaidi hazihitajiki." Nimeona watu wazito, wenye elimu kubwa, wakipumua kwa kupewa ruhusa ya kutohutubia.

Ujumbe ukiwa sawa, angalia amekaa wapi. Akiwekwa peke yake mbele, kwenye kiti, na wengine wamekaa chini mkekani, tayari ni darasa. Mweke kwenye sinia la katikati, bega kwa bega na wakazi, mkono wake katika wali ule ule. Projekta irudishe ulikoiazima. Mwanga wake unawalazimisha watu wote kutazama ukuta mmoja, na watu wanaotazama ukuta hawatazamani.

Kitu cha kushika mkononi ndicho kilichobadilisha vyakula vyangu kuliko hila nyingine yoyote. Usiku mmoja Mkunazini tulikuwa na fundi wa majengo ya kale. Alikuja na vipande viwili vya plasta ndani ya mfuko wa rambo: kimoja cha chokaa, kimoja cha saruji, vyote vimebanduka kwenye ukuta mmoja. Hakusema neno. Alivilaza juu ya kawa iliyopinduliwa, akachovya kidole kwenye birika la kunawia, akadondosha tone la maji juu ya kila kipande. Kwenye chokaa tone likazama mara moja, likabaki doa jeusi, na baada ya dakika chache doa likaanza kufifia kingoni. Kwenye saruji tone lilikaa juu, limevimba, linang'aa chini ya taa. Bibi mwenye nyumba akaliangalia, kisha akageuka kuutazama ukuta wake wa nyuma, aliokwisha kuupiga saruji mara tatu na mara zote ukabanduka. "Kumbe ukuta wangu unataka kupumua," alisema. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kuongozwa. Fundi alieleza kwamba mawe ya matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini na chumvi ya bahari, chokaa huuacha unyevu utoke, saruji huufungia ndani, na unyevu uliofungiwa hutafuta njia kwenye ncha za boriti. Alisema yote hayo kwa kujibu maswali tu.

Chanzo cha tatu ni lugha. Mjuzi anasema "wadau", "ustahimilivu" na "uhuishaji wa miji", na wakazi wanatikisa kichwa kwa heshima. Patana naye mapema kwamba kijana mmoja wa nyumba hiyo, labda binti wa kidato cha pili, atakuwa na kazi ya kuuliza "maana yake nini?" kila asipoelewa. Mtu mzima anaona haya kuuliza. Mtoto akiuliza, wote wanafaidika.

Umeuliza swali, hakuna anayejibu

Kagua tumbo kwanza. Watu wenye njaa hawazungumzi, na harufu ya pilau jikoni inawafanya wahesabu dakika. Toa kitu kidogo mapema: kachori, juisi ya ukwaju, tende.

Pili, kagua samaki. Sitanii. Changu wa kupaka ni mtamu lakini ana miba, na mtu anayechambua miba kwa ulimi hafungui mdomo. Usiku wa mazungumzo pika kuku, au jodari asiye na miba midogo.

Kisha litazame swali lenyewe. "Mnaonaje mabadiliko ya mji wetu?" halijibiki. Ni kubwa mno, na linanuka mtihani. Swali zuri lina tarehe na lina mwili ndani yake. Ninalolitumia mara nyingi kwa watu wa Unguja ni hili: umeme ulipokatika miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, nyumbani kwenu mlifanyaje? Kila aliyekuwa na akili zake wakati ule ana kisa. Kuna aliyeuza friji, aliyeteka maji kisimani tena kwa sababu pampu hazikufanya kazi, na aliyekumbuka kwamba mwaka 2008 tulishalala gizani karibu mwezi mzima na bado hatukujifunza. Kutoka hapo mhandisi anaweza kuingia na njia ya umeme ya chini ya bahari kutoka bara, na mpangaji wa mji anaweza kuuliza visima vile vya mtaani viko wapi leo, na nani kajenga juu yake.

Kama swali ni zuri na bado kimya, tazama vyeo. Ukimweka mkwe mbele ya baba mkwe wake, au mwalimu mbele ya mkuu wake wa shule, mdogo hatasema. Wanawake nao mara nyingi wanakula sinia lao, pengine chumba cha pili, na mwenyeji anasahau kwamba mazungumzo yako upande mmoja tu. Usiwalazimishe kuchanganyika. Mtafute mama mmoja anayeheshimika, mwombe kabla ya siku yenyewe aendeshe upande wao, na mjuzi ahamie huko, mlangoni, kwa muda ule ule aliokaa upande wa wanaume. Tulipofanya hivyo Kikwajuni ndipo tulipojua habari za maji, maana wanaoyajua maji saa ya kutoka na saa ya kukatika ni wanaoyangoja na ndoo.

Chanzo cha mwisho, ambacho ni adimu lakini kizito, ni hofu. Mtu ameona simu imelazwa inarekodi, au kijana asiyemjua anaandika. Zima simu mbele ya macho yao. Kama unahitaji kumbukumbu, omba ruhusa kwa mdomo, na atakayesema hapana asiulizwe sababu.

Mzee na mjuzi wanapingana

Wenyeji wengi huogopa dalili hii, lakini kwangu ni neema ikishikwa vizuri. Kisa cha kawaida ni maji ya Darajani. Mjuzi anatoa ramani ya 1892, inayouonyesha Mji Mkongwe kama rasi: bahari upande wa magharibi, na upande wa mashariki mkono wa bahari unaoutenga na Ng'ambo. Mzee anasema hapana, yeye alipokuwa mdogo hapo palikuwa uwanja watu wanacheza mpira. Mwingine anasema babake alivuka kwa miguu maji yakitoka. Sauti zinapanda.

Ukaguzi wa kwanza: uliza kila mmoja anasema mwaka gani. Mara nyingi hakuna anayekosea. Mkono ule wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo, kipande kwa kipande, kwa miongo mingi, na kila mtu alikikuta kipande chake. Weka ramani katikati, mpe kila mmoja punje ya dengu, aiweke pale anapopakumbuka na aseme alikuwa na umri gani. Utapata ramani ambayo haimo katika ofisi yoyote, na mjuzi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuipiga picha.

Majina ya mitaa huleta mgongano wa namna nyingine, kwa sababu hapo hakuna ramani ya kuamua. Hurumzi ina hadithi yake, Kajificheni ina yake, Kisimamajongoo ina zaidi ya moja. Hapa mjuzi aambiwe mapema asihukumu. Aseme "hii nimeisikia, hii ni mpya kwangu", aandike zote. Mzee aliyesahihishwa mbele ya wajukuu zake hasemi tena usiku huo, na anaondoka na mengine yote aliyokuwa nayo.

Mzee akizidi kipimo, akashika mazungumzo nusu saa nzima, usimkate wewe. Mwenye haki ya kumkatisha ni mzee mwenzake. Mpange wa kukaa karibu naye tangu mwanzo, na akishaona umemtazama mara mbili atasema, "Sheikh, tuwape nafasi na vijana."

Kila mtu anasema zamani palikuwa pazuri

Mazungumzo yanateleza vizuri, watu wanacheka, wanataja sinema ya Majestic na filamu za Kihindi, na mwisho wa usiku hakuna aliyejifunza kitu. Chanzo ni orodha ya wageni: wote wana umri mmoja na wametoka upande mmoja wa barabara. Mwite mtu wa Ng'ambo. Mwite aliyezaliwa katika majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki, uone kama naye anasema zamani palikuwa pazuri. Mama mmoja alituambia kwamba nyanya yake aliyehamishwa kutoka nyumba ya udongo alilia siku ya kwanza kwa kukosa uwanja wa kuanikia karafuu na kufuga kuku, na siku ya pili akafungua bomba mara kumi ili aone tu maji yakitoka. Tangu niliposikia hivyo sijaweza kuisema Michenzani kwa neno moja.

Kama wageni ni mchanganyiko na bado ni kumbukumbu tu, tafuta kipimo. Chagua kitu kimoja kinachohesabika na kifuatilieni: kodi ya chumba, bei ya boriti, nyumba ngapi za uchochoro huu zina familia na ngapi ni za wageni wa kulala. Tulihesabu uchochoro mmoja Kiponda kwa vidole, mlango kwa mlango. Ilipofika zamu ya mwenye hoteli ndogo, aliyekuwa amealikwa kama mkazi, akaeleza gharama ya kulikarabati paa lile, na watu waliokuja wakimnung'unikia wakamsikiliza hadi mwisho. Mji Mkongwe uliingia katika urithi wa dunia mwaka 2000, na mjadala wa nani anaubeba mzigo wa urithi huo huwa mkali na wa manufaa pale tu wanaoubeba wanapokuwapo mkekani.

Mazungumzo yamegeuka "nyumba hii ni ya nani"

Katika mji huu dalili hii itakujia, jiandae. Zipo nyumba zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, zipo za wakfu, zipo za warithi ishirini waliotawanyika kutoka Muskat hadi London. Mkizungumza mtaa, mtagusa nyumba, na mkigusa nyumba mtagusa watu.

Chanzo cha kawaida ni mjuzi aliyetaja nyumba halisi kama mfano bila kujua nani amekaa mbele yake. Siku mbili kabla, mpe majina ya waalikwa na mitaa yao, mkubaliane mifano ipi iachwe. Mazungumzo yakianza kuteleza, rudisha kwenye jengo: ukuta, paa, ngazi, mlango. Mtu anaweza kueleza nyumba ilivyobadilika bila kusema nani alimtoa nani.

SIMAMISHA ikiwa mtu ametaja familia iliyo hai kama mdhulumu, au wawili waliopo wana kesi baina yao. Usipatanishe. Wewe si kadhi wala si hakimu, na neno lililosemwa mbele ya mashahidi 12 linaweza kupelekwa mahakamani. Leta kahawa, badilisha mada waziwazi, na baadaye waelekeze kwa wakili, kwa Kamisheni ya Wakfu kama nyumba ni ya wakfu, au kwenye mahakama ya ardhi.

SIMAMISHA pia mtu akianza kutetemeka au kulia akikumbuka yaliyompata. Mpeleke chumba kingine na mtu wake wa karibu, mpe maji, usimuulize swali hata moja. Hali ikiendelea siku zinazofuata, hawezi kula wala kulala, msaidie kumfikia mshauri nasaha au daktari. Kisa chake si cha kwenye sinia, hata kama mjuzi wako wa historia alikuwa akikisubiri maisha yake yote.

Wageni wanamvuta mjuzi pembeni, nyumba zao zina ufa

Mkija na mhandisi, hili haliepukiki. Likiwa dogo, tenga dakika 20 mwishoni, wakati wa kahawa na kashata, kwa maswali ya nyumba za watu, na litangaze tangu mwanzo ili watu watulie.

Lakini usimwache mhandisi atoe hukumu kwa kutazama picha ya simu. SIMAMISHA, na mwelekeze mkazi kwa mhandisi wa majengo na kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, akisema moja kati ya haya: ufa unakua, mlango uliokuwa ukifunga sasa unakwama, ukuta umefura tumbo, au boriti inamwaga unga. Asingoje mvua za masika. Beit el-Ajaib ya Sultan Barghash, iliyojengwa 1883 na ambayo sote tuliiona kama mlima usiohama, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu walikufa. Siku ile nilikuwa na miadi ya kupita hapo jioni. Siwezi kuona ufa tena nikasema "upo miaka yote".

Na hapa nina neno kwa mwenyeji mwenyewe, kwa sababu ndilo kosa la hatari kuliko yote katika mwongozo huu: chakula cha ghorofani. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko ni fupi, na sakafu yote, mawe na chokaa, inabebwa na ncha za boriti hizo zilizozikwa ukutani. Ncha ndizo zinazooza kwanza, na hazionekani. Watu 15 waliokaa kwenye chumba kimoja, na masufuria, na wote kuinuka kwa pamoja wakati wa kuaga, si mzigo wa familia ya watu watano. Nenda chini ya chumba hicho mchana, na tochi. Tazama boriti zinapoingia ukutani, hasa upande wa choo na jiko. Ukiona doa la maji, uyoga, unga wa mchwa, au boriti iliyopinda, au ukikanyaga juu ukasikia sakafu inanesa, hamishia chakula uani au barazani hadi mhandisi akague. Hakuna mazungumzo yanayostahili hatari hiyo. Paa la juu lililozibwa kwa mabati ni hivyo hivyo.

Mazungumzo yamekatika katikati, au yamegawanyika vikundi

Sinia la watu wanne ni ulimwengu wake. Masinia matatu ni mazungumzo matatu. Msipigane nalo: acheni vikundi vizungumze wakati wa kula, kila sinia na swali lake, kisha masinia yakitoka watu wakishanawa ndipo mazungumzo yawe mamoja. Kosa ni kuanza mjadala mkuu wali ukiwa moto.

Saa nazo ziangalie. Anzeni baada ya Isha, saa mbili usiku, masinia yaondolewe saa tatu, kahawa saa tatu na nusu. Ukichelewesha pilau hadi saa tatu, wenye watoto wataondoka kabla mjuzi hajafungua mdomo.

Wageni wawili au zaidi wakitapika au kuharisha usiku huo au kesho yake, SIMAMISHA kugawa kiporo, wapelekeni hospitali, na weka kando kidogo cha kila chakula kilichobaki ili kikaguliwe.

Watu hawakuja

Tazama kalenda kabla ya kujilaumu: arusi, hitma, mechi kubwa, mvua. Kisha jiulize nani aliyepeleka mwaliko. Ujumbe wa simu unasomwa na kusahauliwa. Mwaliko unaopelekwa mlangoni, na mtu anayejulikana mtaani, unajibiwa.

Bibi hataki tena kuleta picha zake

Mara ya kwanza alikuja na bahasha: harusi yake, baraza la zamani, Forodhani kabla ya bustani kufanyiwa ukarabati uliokamilika 2009. Mara ya pili amekuja mikono mitupu na hasemi kwa nini. Chanzo karibu daima ni kwamba picha moja ilichukuliwa "ikatolewe nakala" na haikurudi, au ilirudi imekunjika, au aliikuta imesambazwa kwenye simu za watu.

Nenda kwake mchana, wewe mwenyewe, ukiwa na picha hiyo kama bado ipo. Kama haipo, sema haipo. Kuanzia hapo picha zisitoke chumbani: zipigwe pale pale, juu ya kitambaa cheupe karibu na taa, naye ameketi pembeni akichagua ipi ipigwe na ipi isipigwe. Mmoja wenu azihesabu zinapotoka kwenye bahasha na azihesabu zinaporudi, kwa sauti, na bahasha iwe mkononi mwa bibi kabla hajavaa viatu.